Mwongozo kamili: zoezi la dakika nne la kumwonjesha mtu hali ya kuzidiwa na sauti

Wazazi wengi wa watoto wenye usonji (autism) waliojaribu zoezi hili nyumbani, ili mtu wa karibu aonje kinachompata mtoto, wananirudia na habari ileile: "Nimemfungulia sauti mpaka mwisho, halafu ananiambia mbona hizo kelele za kawaida, kila mtu anazisikia." Mwalimu hakuelewa, bibi hakuelewa, na baba mtoto kaondoka anatikisa kichwa.

Kosa liko kwenye hiyo "mpaka mwisho". Hata mimi nililifanya. Nilimkalisha shemeji yangu sebuleni kwetu Mabatini, Mwanza, nikamfungulia kwenye spika kubwa makelele ya stendi niliyorekodi, nikasubiri aelewe kwa nini mwanangu wa miaka 9 huziba masikio na kulala chini. Alisikiliza yote. Kisha akasema kwa upole, "Sasa shemeji, si ndiyo Mwanza yenyewe hii?" Alikuwa sahihi. Nilimsikilizisha Mwanza anayoisikia yeye.

Ukikaa sebuleni feni inazunguka, baada ya dakika moja huisikii tena. Feni haijanyamaza. Ubongo wako umeona haina habari mpya, ukaiweka nyuma ili umsikie anayezungumza nawe. Kwa watu wengi wenye usonji, kazi hiyo ya kuweka nyuma ni dhaifu. Feni, friji, kijiko kinachogonga sahani, honi ya bodaboda na sauti ya mama anayeita vyote vinafika mlangoni kwa pamoja, na vyote vinadai kufunguliwa. Zoezi hili linajaribu kumnyang'anya msikilizaji chujio lake kwa dakika chache, kwa sauti isiyozidi mazungumzo ya kawaida.

## Vitu vya kuandaa

- Simu 4 za kisasa zenye chaji. Za kuazima zinafaa.
- Daftari na kalamu.
- Mfuniko wa sufuria na mkeka.
- Kipande cha gunia la katani, ukubwa wa kiganja, na pini.
- Programu ya simu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Za bure zipo.
- Wasaidizi 2 wanaoweza kukaa kimya.
- Chumba chenye mlango na kiti kimoja katikati.
- Maji ya kunywa.

Mwenye kompyuta anaweza kupanga sauti zote kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, akapata faili moja. Mimi napendelea simu nne. Sauti hutoka pande tofauti kama maishani, na msaidizi anaweza kuikata au kuirudisha moja bila kutoa taarifa.

## Kabla ya yote: nani asishiriki

Mtoto mwenyewe asiwepo. Hata chumba cha pili hapana. Mpeleke kwa jirani au kwa shangazi yake. Nimeona mzazi akimfanyia mgeni zoezi huku mtoto wake amejikunja nyuma ya kochi.

Usimkalishe mtu mwenye kipandauso cha mara kwa mara, mwenye mlio wa kudumu masikioni, au mwenye kifafa kinachoamshwa na sauti. Na katika mji huu usitumie kamwe sauti za watu wanaopiga mayowe majini, hata kama umezipata kwenye video. Wapo kati yetu waliopoteza ndugu ilipozama meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Hujui aliyekaa kwenye kiti chako amebeba nini.

## Hatua ya 1: Mwulize mwenyewe kabla hujachagua sauti hata moja

Ukiiruka hatua hii utatengeneza zoezi la kero zako wewe.

Kama mwenye usonji anazungumza, mwulize maswali matatu, siku ambayo ametulia: sauti ipi inauma? Ipi inachosha? Ipi inakutisha kwa sababu hujui itakuja lini? Majibu huwa tofauti kabisa, na yote matatu utayahitaji.

Kama hazungumzi, mwangalie kwa siku 7. Piga mistari kwenye daftari upate safu tatu: saa, sauti zilizokuwepo, na mwili wake ulifanya nini. Usisubiri azibe masikio, kwa sababu hapo tayari maji yamemfika shingoni. Dalili za mapema ni ndogo: anaongeza mwendo, anapepea mikono, anarudia sentensi ileile bila kukoma, au anaganda huku macho yako mbali.

Mimi nilikuwa na uhakika adui wetu ni mashine ya kusaga ya jirani. Daftari likanisuta. Kwa siku 7 mashine ilionekana mara 2. Taa ya tyubu ya jikoni ilionekana mara 6. Na asubuhi tatu mfululizo alikimbilia chini ya meza dakika ambayo wale korongo wakubwa wanaopanda kutoka soko la samaki la Mwaloni walitua juu ya bati letu na kuanza kutembea. Kucha juu ya bati: kra, kra, kimya, kra. Nimeishi chini ya bati hilo miaka 12 na sikuwahi kuzisikia.

Andika pia sauti anazozipenda. Watu watakuuliza, "Mbona mwenyewe anapiga sufuria nusu saa nzima anacheka?" Sauti anayoipiga mwenyewe anajua inaanza lini, inaishia wapi, na mkono wa kuizima ni wake.

Umefanikiwa ukiwa na orodha yenye angalau sauti mbili ambazo peke yako usingezifikiria.

## Hatua ya 2: Rekodi sauti nne, dakika 5 kila moja

Chagua kutoka kwenye orodha yako, lakini hakikisha una moja ya kila aina hizi:

Mvumo usiokoma. Feni, friji au taa ya tyubu. Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu ya zamani yenye balasti (kile kifaa cha ndani ya taa kinachodhibiti umeme wake) hutoa mvumo unaopiga mara 100 kwa sekunde. Sogeza simu karibu na balasti, bila kugusa nyaya, utaukamata vizuri.

Sauti za watu. Konda anaita "Igoma, Igoma, Kisesa!", huku mwingine anajibizana na abiria kuhusu chenji. Maneno yanayoeleweka nusu ni mabaya kuliko kelele tupu, maana ubongo hujaribu kuyamalizia.

Sauti inayojirudia. Kile kipaza sauti cha muuza dawa ya panya, kunguni na mende hakina mpinzani. Rekodi inaisha, inaanza upya, na msikilizaji anaanza kuingoja.

Kijisauti cha karibu. Kijiko kwenye sahani, mtu anatafuna muwa, kiti kinakwaruzwa sakafuni. Hiki ndicho watu hukiacha kwa kuona ni kidogo, na zoezi likikosa hiki linabaki kuwa makelele ya mjini.

Ukienda kurekodi Mwaloni au popote ufukweni, nenda asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na utapata rekodi ya upepo tu. Kuvalisha simu soksi nyepesi kunasaidia. Waombe ruhusa watu ambao sauti zao zinatambulika. Na usirekodi kilio cha mtoto wako akiwa amezidiwa. Siku moja atakuwa mtu mzima, na hiyo ni siri ya mwili wake.

## Hatua ya 3: Sawazisha

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo fanya taratibu.

Weka simu moja kila kona ya chumba. Kaa kwenye kiti cha katikati na programu ya desibeli mkononi. Cheza simu moja peke yake, umwelekeze msaidizi apandishe au ashushe mpaka usome kama 55. Zima. Fanya hivyo kwa zote nne. Kijiko kisome 55 na konda asome 55, ingawa stendi konda ana nguvu mara nyingi zaidi ya kijiko.

Sasa zicheze zote. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: sauti nne za 55 hufika kama 61 tu, karibu sawa na watu wawili wanaozungumza, ambao huwa kwenye 60 hivi. Hicho ndicho kitu cha kumwonyesha msikilizaji baadaye.

Usipite 70. Kazini, kikomo kinachotumika sana ni 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la 3 hukata muda huo nusu. Programu ya simu hukadiria tu, basi tumia na masikio: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, punguza.

Umefanikiwa ukikaa kwenye kiti, ukafumba macho, ukashindwa kusema ni sauti ipi iliyo mbele ya nyingine.

## Hatua ya 4: Andaa agizo la dukani

Mtu anayesikiliza tu bila kazi atavumilia chochote. Kinachochoka ni akili inayojaribu kufanya jambo, na mtoto wako siku zote ana jambo la kufanya: kuandika ubaoni, kula, kujibu salamu.

Andika maagizo matatu yanayofanana ugumu. Kwa mfano: "Nenda kwa Mangi, chukua sukari nusu, viberiti viwili, sabuni ya kipande moja, na umwambie chupa yake tutairudisha Jumamosi." La pili na la tatu badilisha vitu na siku, asikariri.

Agizo lisomwe kwa sauti ya kawaida, hatua mbili kutoka kwenye kiti. Lijaribu mwenyewe kwanza. Ukikaza akili, uweze kuyatambua maneno yote. Kama yanamezwa kabisa, punguza simu. Msikilizaji ashindwe kwa sababu amechoka kuchambua. Akishindwa kwa sababu hakusikia kabisa, atakwambia hivyo, na atakuwa na haki.

## Hatua ya 5: Mwandae msikilizaji

Mweleze ukweli wote isipokuwa saa ambayo mfuniko wa sufuria utaangushwa. Mwambie kutakuwa na sauti, hazitakuwa kubwa, zitachukua dakika nne, na atapewa maagizo ya kukumbuka. Mpe ishara: akiinua mkono, kila kitu kinazimwa papo hapo bila swali. Msaidizi mmoja kazi yake iwe kuutazama mkono huo.

Mbanie kile kipande cha gunia ndani ya kola, nyuma ya shingo. Wengine wanaona ni mchezo. Lakini hisi nyingi za mtu mwenye usonji hupakiwa kwenye gari moja, na siku ambayo sare mpya inawasha, sauti iliyovumilika jana haivumiliki.

Kwa mkubwa wako, omba kwa heshima yake. Mama mkwe wangu sikumwambia "nataka uelewe". Nilimwambia, "Mama, naomba unisaidie kujaribu kitu cha mjukuu wako." Akavua viatu, akaketi.

## Hatua ya 6: Endesha

Dakika ya 1. Mvumo peke yake. Msomee agizo la kwanza, alirudie. Karibu kila mtu hupatia yote. Usiiruke, maana bila ushindi huu atasema baadaye kwamba yeye kumbukumbu yake ni mbovu tu.

Dakika ya 2. Ongeza konda na kijiko. Soma agizo la pili. Wengi hupoteza kitu kimoja, na utaona mwili unaanza kusaidia: anainama mbele, anakunja uso, anakutazama midomo. Usiseme chochote.

Dakika ya 3. Fungua kipaza sauti cha muuza dawa. Sasa zote nne zinacheza. Katikati ya dakika, wakati hategemei, msaidizi aliye nyuma aangushe mfuniko kwenye mkeka kutoka kimo cha goti, mbali na kiti. Mara moja tu. Hapohapo soma agizo la tatu.

Dakika ya 4. Usiangushe tena, lakini msaidizi aushike mfuniko mahali ambapo msikilizaji anauona. Mwulize maswali madogo kwa haraka: umesema viberiti vingapi? Ni siku gani? Unanisikia? Mbona hunitazami? Haya ndiyo maneno tunayowaambia watoto wetu, na kuyasikia ukiwa kwenye kile kiti ni jambo jingine.

Mama mkwe wangu alifika sekunde kama ishirini za dakika ya nne. Alikuwa ameshaacha kujibu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinasugua upindo wa kanga yake, juu chini, juu chini, na macho hayakutoka kwenye mfuniko. Kisha akainua mkono.

## Hatua ya 7: Kata zote kwa pamoja, na unyamaze

Hesabu mpaka tatu kwa vidole, wasaidizi wazime simu zote kwa mpigo. Halafu dakika nzima bila neno. Zuia hamu ya kuuliza "Umeonaje?"

Ukimya huu ni sehemu ya somo. Mtu huhisi mabega yanashuka na anagundua kwamba hakujua yalikuwa yamepanda. Mpe maji na mwache aseme yeye kwanza.

## Hatua ya 8: Zungumzeni

Anza na namba: mwonyeshe kwamba alikuwa kwenye desibeli kama 61. Kisha uliza: ulianza kuchoka wapi? Ulifanya nini na mikono? Wakati nakuuliza "mbona hunitazami", ulitaka kunijibu nini? Kama alisugua nguo au kutikisa mguu, mkumbushe kwa upole. Mtoto anayejitikisa au kupepea mikono anafanya kazi hiyohiyo: anaupa mwili kitu kimoja anachokimiliki.

Maneno mawili utayasikia. La kwanza, "Kwani hata mimi sipendi kelele." Kubali, kisha mwambie ulizima baada ya dakika nne, alikuwa na mkono wa kuinua, na alijua itaisha. Mtoto hana hata kimoja, na anaanza saa kumi na mbili asubuhi. Akilipuka jioni haombi kitu wala hashindani nawe, amefika mwisho. Kumchapa hapo ni kuongeza sauti ya tano.

La pili, "Mmemdekeza." Hapo nasema wazi kwamba hisi kupokea kupita kiasi, au kupokea pungufu, ziko miongoni mwa dalili za usonji katika mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani tangu toleo la 2013. Ongeza kwamba watoto hawafanani. Yupo anayezitafuta sauti na kubandika sikio kwenye spika, na mmoja anaweza kuwa yote mawili kwa siku moja. Mwambie pia kwamba ulimpima masikio. Kama hujampima, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kulaumu chochote. Sikio lenye maambukizi linauma na linatibika.

Mwambie vilevile kwamba hii ni onjo tu, asije akaondoka anasema amejua maumivu ya mtu mwingine. Neno la mwenye usonji mwenyewe linabaki juu ya zoezi lako.

Umefanikiwa msikilizaji akianza kuuliza maswali kuhusu mtoto badala ya kuhusu zoezi. Umeshindwa akisifu ulivyopanga simu.

## Hatua ya 9: Ombeni badiliko moja tu, siku hiyohiyo

Huruma hupoa haraka kama chai. Kabla hajatoka, kubalianeni jambo moja analoliweza yeye.

Mwalimu: amhamishe mtoto mbali na dirisha la barabarani, atoe agizo moja kwa wakati, kisha ahesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Kurudia haraka ni kumwongezea sauti nyingine ya kuchambua. Nilipoliomba hili katika shule moja nilijibiwa kwamba darasa lina watoto wengi. Mwalimu wa zamu aliyekalia kiti changu wiki iliyofuata alilifanya bila kuombwa tena.

Baba: ampeleke sokoni mapema kabla vipaza sauti havijawashwa, na kwenye daladala asubiri gari lenye nafasi mbele. Vizuia kelele vya kufunika masikio, vile vya mafundi wa kuchomelea, vinasaidia njiani na mvua ikipiga bati. Mtoto asivivae kutwa nzima, kwa sababu anaweza kuanza kuona hata sauti ndogo ni kali zaidi.

Nyumbani: kona moja isiyo na redio, ambayo mtoto anaruhusiwa kwenda bila kuomba na bila kufuatwa. Mama mkwe wangu alichagua tyubu ya jikoni. Alipanda kiti mwenyewe jioni ile akaizima, tukapika kwa mwanga wa balbu ya koridoni mpaka fundi alipokuja kubadilisha.

## Kutunza rekodi

Ziite kwa majina ya kawaida na tarehe, ziweke kwenye simu mbili. Mkizihamisha kwa WhatsApp, zitumeni kama faili ili ubora usishuke. Rudia hatua ya 1 kila baada ya miezi mitatu, maana orodha hubadilika: mwaka huu korongo hawamsumbui tena mwanangu, na mahali pao ameingia mtoto wa jirani anayejifunza filimbi.